Nataka Kusomea Kuigiza

6 Januari

Bibi, mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Shikamoo. Mimi sijambo, Baba hajambo, natumai na magoti yako hayajambo. Nilifika salama. Baba alinipokea stendi akiwa bado na sare ya kazini, mikono imejaa grisi, akanipa kiwiko nishike badala ya kiganja. Tangu siku hiyo hatujaongea maneno ya kujaza kikombe. Si kwamba amekasirika, ndivyo alivyo. Na kazi yenyewe ya kutengeneza lifti za maghorofa haina adabu. Lifti ikikwama imekwama, anaitwa hata kama tonge liko mkononi. Tunakaa ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, na ukutani kuna bomba. Nimeshalizoea lile bomba mpaka nalisalimia.

Nimekupigia simu mara nyingi. Inaita mpaka inakata. Kuna nini?

Sasa nikuambie kilichonifanya nitafute karatasi. Matokeo yangu ni mazuri kama ulivyosikia, na Baba ameleta fomu za chuo cha ufundi umeme, akaziweka juu ya friji. Kila nikienda kuchukua maji naziona. Bibi, mimi sitaki umeme. Nataka kusomea kuigiza. Usicheke kwanza. Vipo vyuo viwili. Kimoja ni chuo kikuu cha hapa mjini, miaka mitatu, unatoka na shahada ya sanaa za maonyesho. Kingine ni chuo kidogo cha maigizo katika mji mwingine, miaka miwili, kimewekwa ndani ya jengo lililokuwa ghala la pamba. Vyote vinataka utume maombi, halafu uende ukaigize mbele ya walimu wao.

Baba sijamwambia. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye uliyenilea.

Mumeo,
Chiriku

24 Januari

Mume wangu Chiriku,

Marahaba. Magoti yanauliza kwa nini umeondoka na dawa yao ya kuchua. Uliisomba kwenye begi kwa haraka zako, na mimi sasa najipaka mafuta ya kupikia, nanukia kama kikaango. Wengine wote wazima. Fundi cherehani wa mlango wa pili amepata mjukuu, wameniletea nimwone, ana kichwa kizuri. Paka wako amehamia kwao kwa sababu kuna maziwa. Wanaume ni wale wale.

Simu ina shida zake, usihangaike nayo. Barua ni nzuri zaidi. Naisoma nikitaka, naiweka, nairudia.

Hilo la kuigiza nimekaa nalo siku mbili tatu. Mama yako nilimzalisha mimi mwenyewe, na ulipotoka ulilia mpaka muuguzi wa wodi ya pili akaja kuchungulia. Kwa hiyo sauti unayo, sibishi. Lakini sauti si kazi. Nijibu haya. Hivyo vyuo viwili vinatofautiana nini? Kuanzia asubuhi mpaka jioni utakuwa unafundishwa nini hasa? Waliomaliza huko wako wapi leo? Na siku ambayo hakuna mchezo, utafanya nini? Mimi nilipokwenda kusomea ukunga niliyauliza yote haya, mwalimu mkuu akaniona sina haya. Na kweli sikuwa nazo.

Halafu mwambie baba yako. Mwanangu hali watu.

Bibi yako

17 Februari

Mke wangu,

Shikamoo. Dawa ya magoti nimeituma kwa basi, kaichukue kwa wakala. Baba hajambo. Juzi alinasa ndani ya lifti, yeye mwenyewe fundi, mchana kutwa. Alipofika nyumbani akasema, "Leo nimepumzika." Mwezi huu hajasema sentensi ndefu kuliko hiyo.

Maswali yako niliyabeba nikaenda nayo kwenye vyuo vyote viwili. Chuo kikuu wanasoma zaidi: historia ya michezo ya kuigiza, uandishi, nadharia. Jukwaani wanapanda kidogo kidogo mpaka mwaka wa mwisho. Wengi wakitoka wanakuwa walimu, wachache wanaingia redioni. Pale ghalani ni tofauti. Asubuhi wanaanza na mwili, wanapumua, wanatembea, wanabingirika sakafuni kama watoto waliokatazwa. Halafu sauti, halafu mazoezi ya mchezo mpaka jua linazama. Kila mwanafunzi anajifunza pia kupanga taa, kushona mavazi na kusimamia jukwaa. Kuna mwalimu mmoja, mama mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimwuliza kuhusu siku isiyo na mchezo. Akacheka. "Siku hiyo unafagia jukwaa, ukimaliza unakaa chini unaandika mchezo." Akaniambia baadhi ya waliomaliza wana kikundi kinachozunguka mashuleni, mmoja anafanya maigizo na wagonjwa hospitalini, na mmoja anauza simu. Huyo wa simu angeweza kunificha, lakini hakunificha. Nilimpenda kwa hilo.

Nimeomba kote kuwili. Chuo kikuu wananiita mwezi ujao, ghalani ni Julai. Kimojawapo cha vipande nitakavyoigiza nimekitunga mwenyewe, ni mlinzi wa daraja anayemzuia kaka yake asivuke. Nafanyia mazoezi juu ya paa, katikati ya matangi ya maji. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo akaniuliza, "Mwanangu, unagombana na nani?" Nikasema na kaka yangu. Akasema, "Pole. Mimi wangu ni dada." Akaendelea kuanika.

Bibi, nina ombi moja. Jumapili saa kumi jioni nitakupigia, unisikilize tu. Zamani ulikuwa unanisikiliza huku unakunja nguo, hata huniangalii, na nikikosea unajua. Hapa hakuna wa kunijua nimekosea.

Baba bado sijamwambia.

Chiriku

10 Machi

Mume wangu,

Dawa imefika, magoti yanakushukuru, kila moja kivyake. Kuku wanataga. Nimepaka chokaa ule ukuta wa jikoni uliouchorachora, ila ile picha yangu mwenye pembe nimeiacha.

Jumapili ile unisamehe, nilitoka kidogo. Na Jumapili iliyofuata kulikuwa na mambo. Watu wa hapa siku hizi wamekuwa wa kunong'ona, sijui wameambukizana nini. Fundi cherehani amenuna eti amegonga mlango wangu asubuhi nzima na mimi nimo ndani. Nikamwambia siku nyingine agonge kama amekula.

Nenda kaigize vizuri. Simama wima. Kula kabla hujaondoka, tumbo likinguruma watadhani ni sehemu ya mchezo. Si lazima unisikilizishe mimi.

Bibi yako

2 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua zimeanza na lile bomba la ukutani linavuja. Duka la matairi limepakwa rangi ya njano. Baba ana viatu vipya vya kazi, vinalia ngazi zote tatu, kwa hiyo najua akija. Zile fomu za ufundi amezitoa juu ya friji amezileta mezani kwangu. Mama wa kuanika nguo amehama.

Sina jingine. Msalimie fundi cherehani.

Chiriku

15 Aprili

Chiriku,

Umeniandikia habari za bomba, za rangi na za viatu. Hujaandika neno hata moja la chuo, wakati siku yenyewe imeshapita. Nimekaa na wanawake wenye uchungu maisha yangu yote. Aliyekuwa akinitia wasiwasi si mwenye kupiga kelele, ni yule aliyegeukia ukutani na kuniambia hajambo.

Sema.

Bibi yako

28 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Haya, nasema. Wamenikataa.

Walikuwa watatu nyuma ya meza. Niliigiza yule mlinzi wangu, sikusahau hata neno. Nilipomaliza, mzee wa katikati akaniuliza, "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na kaka yangu."

"Simwoni," akasema. "Unatamka vizuri kuliko wote tuliowasikia leo. Lakini mtu akiongea na mtu, mimi nageuka kumtazama anayeambiwa. Kwako sikugeuka. Hebu rudia."

Nikarudia, na kwa kuwa sikujua nibadilishe nini, nikapaza sauti. Hata mimi nilijisikia napiga kelele. Wakasema asante.

Sasa nikuulize, huyo mtu wa kuongea naye ningempata wapi? Tangu Januari naongea na matangi ya maji. Baba akirudi anakula, analala. Wewe simu hupokei. Jumapili ile nilikaa juu ya paa na simu mkononi mpaka giza likaanza kuingia. Nikampigia fundi cherehani nikidhani umeumwa. Akaniambia upo nyumbani, amekuona dirishani umekaa tu. Kama unaona kuigiza ni upuuzi, sema ni upuuzi. Kama umenichoka, sema. Lakini usiniambie ulitoka.

Naona nitajaza zile fomu za umeme.

Mjukuu wako

9 Juni

Chiriku,

Barua yako ilifika siku nyingi. Niliisoma, nikaenda kufua. Nikairudia, nikaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Nimeanza kukujibu mara kadhaa nikachana.

Jumapili ile sikutoka. Fundi cherehani hakukudanganya. Simu ilikuwa mapajani mwangu. Niliiona ikiwaka, nikaona jina lako, nikalitazama mpaka likapotea. Likarudi, nikalitazama tena.

Sisikii, mjukuu wangu. Sikio la kushoto lilianza kwenda ulipokuwa kidato cha mwisho. La kulia likalifuata. Siku unaondoka nilikuwa bado naokoteza maneno machache kwa kukutazama mdomo. Leo sufuria ikianguka nyuma yangu naiona baadaye. Daktari alinipa kifaa cha kuvaa, kinavuma kama nzi ndani ya chupa, hakuna neno ndani yake. Akaniandikia kwenye karatasi kwamba kusikia kwangu hakutarudi.

Ningekuambia, ungebaki hapa. Nakujua. Ungekaa na mimi kwenye kochi, ukanipigia ishara za chai na za mvua, mpaka ujana wako uishe. Na haya pia zilikuwepo, mara hii nilikuwa nazo. Mara ya mwisho kuitwa kwa mjamzito niliweka pembe yangu ya kusikilizia moyo wa mtoto juu ya tumbo lake, nikainamisha sikio. Kimya. Nikasogeza pembe. Kimya. Nikadhani mtoto amekufa. Yule mama akaniangalia usoni, akaanza kulia. Mtoto alikuwa mzima, amezaliwa, na wazazi wake wanamwita kwa jina kila siku. Nilichukua begi langu nikarudi nyumbani, sijakwenda kwa mjamzito tena.

Kwa hiyo ule wakati wa kukunja nguo nikikusikiliza umekwisha. Nimeulilia, nimemaliza. Au nadhani nimemaliza.

Usijaze fomu za umeme kwa hasira. Ukizijaza, uwe unaupenda umeme. Na kama unatafuta mtu wa kumwambia habari za daraja lako, humo humo nyumbani yumo mmoja mwenye masikio mawili mazima. Mwambie. Na hili langu mwambie vilevile, mimi sina nguvu ya kuliandika mara ya pili.

Bibi yako

5 Julai

Bibi yangu, mke wangu,

Shikamoo. Barua yangu ile nisamehe. Sina maneno mengine juu yake.

Nilisubiri siku ya mapumziko ya Baba. Alikuwa anakunywa chai. Nikaanza na lako. Akashusha kikombe mezani bila kukiachia, akasema, "Kila Jumapili nampigia. Anapokea, anasema nzuri, nzuri, tunashukuru. Mwezi wa nne nilimwambia nimeteguka mkono kazini. Akasema nzuri, nzuri. Nikajua mama yangu amenichoka."

Sikujua hata kama aliteguka mkono. Tunalala ukuta mmoja.

Nikaona sina cha kuficha tena. Nikamwambia, "Na umeme sitaki."

"Unataka nini?"

"Kusomea kuigiza."

"Kuigiza nini?"

Nikamjibu kwa kuigiza. Nikasukuma kiti, nikasimama mlangoni, nikawa mlinzi. Bibi, niliogopa. Nilikuwa naangalia mkono wake ulioshika kikombe, nikihofu atainuka aondoke kabla sijamaliza, na kila nilipohofu sauti ilishuka badala ya kupanda. Mwishoni nilikuwa kama namnong'oneza. Hakuinuka. Nilipomaliza akauliza, "Huyo kaka yake alirudi?" Nikasema haijulikani. Akafikiri. "Rudia pale anapomwambia ageuke." Nikarudia. Akasema rudia tena. Chai ilipoa, akainywa hivyo hivyo.

Fomu za ufundi amezifungia kwenye droo. Ameomba likizo. Wiki ijayo anakuja kwako, na akitoka huko atanipeleka mwenyewe ghalani.

Mumeo,
Chiriku

16 Julai

Mume wangu,

Alifika, akakaa siku nne, ameondoka jana. Kumbe mwanangu ana maneno! Ukimpa kalamu tu, basi. Tulikaa mezani, yeye anaandika, mimi namjibu kwa mdomo, na nikipaza sauti mno ananishika mkono. Ameniandikia mambo ya tangu mama yako alipofariki. Nilikuwa sijawahi kuyasikia nilipokuwa nasikia. Simu zake nilikuwa nazipokea kwa kuwa kila Jumapili huuliza yale yale; wewe ungenigundua mara moja.

Ametaka nihamie huko kwenu. Nimekataa. Hapa hata gizani najua kila kitu kilipo, na watu wa mtaa wananijua, wakinitaka wananigusa bega. Huko kwenu nitakuwa bibi kiziwi wa ghorofa ya tatu. Alikasirika, akatengeneza bawaba zote za milango, halafu akaacha kukasirika.

Nenda kwa usalama. Ukifika mbele ya hao walimu, usipige kelele.

Bibi yako

18 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Nimekubaliwa!

Nilitaka nikuandikie siku ile ile ya mtihani, nikaogopa kujitia mikosi. Baba alikaa nje kwenye benchi muda wote, amevaa shati la kanisani. Yule mama wa miwani aliniacha niigize kipande chote, kisha akamwita mwombaji mwingine, msichana mrefu aliyetoka mbali, akamkalisha kwenye kiti akinipa mgongo. Akaniambia, "Huyu ndiye kaka yako. Mfanye ageuke." Msichana alikuwa na woga wake mwenyewe, mguu wake unatikisika. Nikaanza. Nilisahau walimu, nikawa nautazama ule mgongo tu, na nilijua kabisa kwamba naweza kusema vizuri kuliko mtu yeyote na asigeuke. Niliishiwa maneno katikati. Nikanyamaza. Nikaendelea. Hakugeuka, Bibi. Ila mguu uliacha kutikisika.

Nilitoka nikamwambia Baba nimeshindwa tena. Barua imekuja leo. Imeandikwa kwamba masomo yanaanza Septemba, na wanafunzi wote wanakaa bwenini. Baba aliisoma amesimama. Akasema, "Vizuri." Baadaye nikamkuta chumbani kwangu anapima dirisha, anasema atahamishia kitanda chake humo. Dirisha hilo linatazama bomba tu. Chumba chake kina mwanga zaidi.

Nitapita kwako kabla ya kwenda. Nitakuigizia, hata kama utaona midomo tu.

Mumeo,
Chiriku

12 Septemba

Mume wangu,

Natumai umeshapata kitanda, na kwamba hukupewa kile cha karibu na mlango. Hapa wazima. Baba yako ameandika mara mbili wiki hii, na barua ya pili ilikuwa na michoro ya lifti.

Umeniomba nikuambie ukweli kuhusu ulivyoigiza pale sebuleni. Mwanzoni nilikodolea macho mdomo wako, nikapata neno moja moja, daraja, maji, kaka. Halafu nikachoka kuyafukuza, nikakutazama wewe mzima. Nikaona kijana anamwomba mtu asiondoke, na hajui kuomba, kwa hiyo anaamuru. Mikono yako inahangaika sana mwanzoni, itulize. Shingo ni nzuri. Pale uliponyamaza ndipo nilipotaka kuinuka nije kukushika. Ulichosema baada ya hapo sijui. Usiniandikie. Niache hivyo hivyo.

Ile asubuhi ya stendi uliniambia kitu ukiwa ndani ya basi. Kioo kimefungwa, nawe umesahau, unaongea kama zamani, haraka haraka. Nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa. Sikuelewa, lakini ulikuwa unacheka, nikacheka.

Basi likakaa pale pale. Nikadhani limeharibika, nikafurahi kidogo. Halafu watu wote waliosimama karibu nami wakashtuka kwa pamoja, wakainua mikono wakaanza kupunga, ndipo nikajua dereva amepiga honi. Nikainua wangu. Basi likaondoka, likapotea kwenye kona. Wenzangu waliposhusha yao, mimi sikushusha, maana sikuwa na njia ya kujua kama mngurumo wa basi umekwisha. Nilisimama hivyo mpaka mama mmoja nisiyemjua akaja, akanigusa bega.

Bibi yako